Kiu ya Mawe, Shibe ya Bwawa

Mama mkwe wangu alipohamia kwetu Mwanza kutoka Ukerewe, alikuja na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuipinga: katika nyumba ya mwanawe, chenye uhai hakilali na kiu wala njaa. Kuku walikula kabla yeye hajanywa chai. Paka wa jirani aliijua saa ya dagaa kuliko sisi. Mgeni aliyesema ameshiba aliongezewa. Ni sheria njema, na mimi niliyeolewa humo nimeifaidi miaka mingi. Lakini mwaka mmoja ilikutana na viumbe wawili ambao haikuwajua. Mmoja akishiba hufa. Mwingine akishiba huua wenzake.

Yalianza kuja mawe. Binti yetu alirudi likizo kutoka Afrika Kusini, anakosomea mambo ya mimea, akiwa amepakata chungu kidogo cha udongo tangu uwanja wa ndege. Alikinunua kitaluni na alikuwa na cheti cha afya ya mimea, na alitaka sote tulijue hilo. Miaka ya karibuni wezi wamekuwa wakichimba mimea midogo ya jangwani katika jimbo la Northern Cape na kuwauzia wakusanyaji wa ng'ambo, hata vilima vingine vilivyokuwa na mimea hiyo kwa maelfu ya miaka vimebaki vitupu. "Hii yangu imeoteshwa kwa mbegu," alisema, akakiweka chungu juu ya ukuta wa baraza, penye jua la asubuhi.

Ndani mlikuwa na mchanga, changarawe, na katikati yake vitu vya rangi ya kijivu na kahawia, kila kimoja kimepasuka katikati mfano wa kwato ya mbuzi. Siku ya usafi dada anayetusaidia kazi alikiinua chungu, akaniuliza, "Mama, haya mawe niyatupe wapi?" Binti alitoka chumbani mbio. Hakumgombeza. Alimketisha kwenye kigoda akamweleza kwamba mwaka 1811, karibu na Prieska huko Afrika Kusini, mtafiti wa Kiingereza William Burchell aliinama kuokota kijiwe chenye umbo la kupendeza, akakuta ameshika mmea. Ulimwengu wa sayansi uliufahamu mmea huo kwa kudhania ni jiwe. Dada alicheka kwa furaha, na tangu siku hiyo akawa mlinzi wa chungu kile kuliko mwenye nacho.

Mimea hiyo ni ya jenasi ya Lithops, nasi nyumbani tuliiita mawe hai. Kila jiwe ni majani mawili manene yaliyoshikana, na sehemu kubwa ya mwili wake imezama ardhini. Kinachoonekana ni paji tu. Paji hilo lina dirisha: sehemu isiyo na kijani, inayopitisha mwanga mpaka chini ya usawa wa mchanga, na kuta za ndani za jani ndizo zenye kijani kinachotengeneza chakula. Mmea unapikia chini ya ardhi kwa jua linaloingilia darini. Mchana wa joto hufunga vitundu vyake vya kupumulia ili usipoteze maji. Usiku ukipoa huvifungua, huvuta hewa ya kabonidayoksaidi, huiweka akiba katika hali ya asidi, na jua likichomoza huitumia huku milango yote imefungwa.

"Na kila mwaka," binti alimwambia bibi yake, "ndani ya majani haya huota jozi mpya. Jozi mpya hunywa maji ya ile ya zamani, mpaka ya zamani inabaki ngozi nyembamba, kavu kama karatasi. Wakati huo, bibi, hayatakiwi maji hata tone. Ukiyapa, majani ya zamani hayakauki, mapya hayapati njia, na kinachofuata ni kuoza."

Mama mkwe alikuwa anachambua mchicha. "Mjukuu wangu, kwani huko yalikozaliwa hakunyeshi?"

"Kunanyesha, bibi, ila kwa uchache. Sehemu nyingine mwaka mzima haufikishi milimita 200. Hapa Mwanza tunapata kama 1,000."

"Maskini," alisema mama mkwe, na akayatazama mawe yale kwa huruma iliyonitia wasiwasi.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia, na kilichonigusa katika habari za mawe hai ni watu walioyatafuta. Aliyefanya kazi kubwa kupita wote ni Desmond Cole, pamoja na mkewe Naureen. Cole alikuwa profesa wa lugha za Kibantu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mtu wa ngeli na viambishi, aliyechapisha kitabu cha sarufi ya Kitswana mwaka 1955. Yeye na mkewe walizunguka Afrika Kusini, Namibia na Botswana wakiorodhesha makundi ya mawe hai mahali yalipoota, na kila kundi wakalipa namba. Mpaka leo wakulima wa mimea hiyo duniani wanatumia namba hizo. Jicho lililozoea kutofautisha viambishi lilitofautisha pia mmea na changarawe.

Kisha lilikuja bwawa. Mume wangu alipostaafu alichimba bwawa nyuma ya nyumba, akaweka vifaranga vya sato. Afisa ugani alimfundisha vizuri: weka samadi ya kuku kwenye kiroba, kitumbukize pembeni, virutubisho vitoke polepole. Mwani utaota, sato watakula mwani. Na akampa kipimo kisichohitaji chombo: zamisha mkono polepole na utazame kiganja. Kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, chakula kinatosha. Kikipotea kabla ya hapo, ondoa kiroba.

Kipimo hicho mama mkwe alikisikia, lakini sheria yake ilikuwa na nguvu zaidi. Asubuhi aliongeza samadi. Mchana alimwaga ukoko wa ugali. Jioni alitupa pumba, na mikono yake ilijaa kwa sababu moyo wake ulijaa. Mume wangu hakumzuia, maana maji yalizidi kuwa ya kijani, naye aliambiwa kijani ndicho chakula. "Mama ana mkono wa mifugo," alisema. Wakati huo kiganja kilikuwa kinapotea maji yanapofika kwenye kifundo cha mkono.

Majuma ya joto kabla ya mvua za vuli, upepo ulitulia. Asubuhi moja tuliona utando wa kijani uliokolea umekusanyika kwenye pembe ya bwawa, mzito, wenye kingo za rangi ya samawati pale ulipokauka kwenye matope. Harufu ilikuwa ya majani yanayooza. Binti alisimama ukingoni muda mrefu. Alimwomba baba yake aondoe kiroba siku ileile. Baba alikubali, akasema atakiondoa Jumamosi atakapokuwa na nafasi.

Bwawa halikusubiri Jumamosi. Kabla ya adhana ya alfajiri dada aligonga mlango wa chumba chetu: "Baba, samaki wamepanda juu wanahema!" Tulitoka na tochi. Uso wa bwawa ulijaa midomo ya sato, kila mmoja anatafuta hewa, na kwenye kona wengine walikuwa wamekwisha geuka matumbo. Mume wangu aliingia majini na suruali ya kulalia, akipiga maji kwa ndoo ili hewa iingie. Mimi nilishika beseni nikafanya vivyo hivyo. Mama mkwe alisimama na khanga mabegani akilia kwa sauti ndogo: "Nimewalisha. Nimewalisha kila siku."

Binti alikimbilia barazani kutafuta ndoo nyingine. Hakurudi. Nilimfuata, nikamkuta amepiga magoti mbele ya chungu chake. Pembeni palikuwa na kopo la bibi, bado lina tone la maji ya kijani. Usiku, watu wakilala, mama mkwe alikuwa akiyanywesha mawe hai, na alichagua maji ya bwawa kwa sababu yana mbolea. Mawe yalikuwa yamevimba mpaka mengine yamepasuka ubavuni. Binti aliligusa moja kwa kidole, kidole kikazama.

Jambo la tatu lilitokea jikoni, na ndilo lingekuwa baya kuliko yote. Mabomba yalikuwa makavu tangu juzi yake kwa mgao wa maji. Dada, akijua watu watataka chai baada ya taharuki ile, alikuwa amechota maji ya bwawa upande usio na utando, ameyachuja kwa kitambaa mara kadhaa, na sufuria ilikuwa imeanza kutokota. Binti alilizima jiko. "Haya hayasafishwi kwa kuchemsha," alisema. Dada alishangaa, na mshangao wake ulikuwa wa haki, kwa sababu tumefundishwa sote, kliniki na shuleni, kwamba maji yakichemka yako salama. Ni kweli kwa vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Lakini sumu inayoweza kutolewa na viumbe wale wa kijani haivunjwi na moto wa jikoni. Kuchemsha hupasua seli zao, na sumu iliyokuwa ndani yake humwagika kwenye maji.

Tulipokaa sebuleni, jua limeshachomoza na chai imepikwa kwa maji ya jirani, mama mkwe alidai maelezo. Hakudai kwa hasira. Mtu aliyetunza viumbe maisha yake yote alitaka kujua ni kiumbe gani hiki asichokijua.

Binti alikuwa ameweka mezani chupa ya kioo yenye maji ya bwawa, ameiacha bila kuitikisa. Kijani chote kilikuwa kimepanda juu na kufanya kizibo kinene, chini maji yamebaki meupe. "Mwani wa kawaida ungezama, au ungebaki umetawanyika," alieleza. "Huyu anaelea kwa sababu ana vifuko vidogo mno vya hewa ndani ya mwili wake." Baadaye niliazima hadubini ya shule, tukaona makundi ya vidoa vya duara vilivyoshikamana kwa ute. Ni Microcystis, sainobakteria wa maji baridi. Chembe yake moja haifiki sehemu moja ya mia ya milimita.

"Si mwani?" aliuliza mume wangu.

"Ni bakteria, baba, ila anatengeneza chakula kwa jua kama mmea. Akikosa mwanga huelea juu. Akishatengeneza sukari ya kutosha huwa mzito, huzama kufuata virutubisho. Bwawa likitulia na kujaa naitrojeni na fosforasi, anapata vyote viwili, anawazidi wengine wote. Mchana anatoa oksijeni. Usiku hakuna jua, anavuta oksijeni ileile, na bakteria wanaoozesha samadi na pumba wanavuta pia. Karibu na alfajiri hakuna iliyobaki. Ndiyo maana samaki hufa saa ile."

Nikaona jinsi viumbe wetu wawili walivyotofautiana katika kila jambo. Jiwe hai huota jozi moja ya majani kwa mwaka na huweza kuishi miongo mingi palepale. Microcystis huongezeka maradufu kwa siku chache. Jiwe hai hujizika likaacha dirisha tu. Microcystis hupanda juu akaliziba jua la wengine. Usiku, mmoja hufungua milango yake kwa hesabu, mwingine humaliza pumzi ya bwawa zima. Hata mbegu za jiwe hai zina subira: tunda lake kavu hubaki limefungwa, hufunguka linapolowa mvua, matone yakarusha mbegu chache, na likikauka hujifunga tena na kuzihifadhi zilizobaki.

"Na sumu yake inaua watu?" mama mkwe aliuliza.

Binti alijibu kwa utaratibu. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazil, maji ya bwawa lenye sainobakteria yalitumika bila kusafishwa ipasavyo kwenye mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo. Zaidi ya wagonjwa 50 walikufa, na sumu iliyotajwa kuwa chanzo ni mikrosistini, inayoharibu ini. Agosti 2014, mji wa Toledo huko Ohio, Marekani, unaopata maji yake Ziwa Erie, uliwaambia wakazi zaidi ya 400,000 wasinywe maji ya bomba na wasiyachemshe, mpaka tishio lilipopita siku chache baadaye. Kwa aina ya sumu hiyo inayochunguzwa sana, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 katika lita moja ya maji ya kunywa ya kila siku.

Mama mkwe alinyamaza. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na hiki kijani cha huyu muuaji, na kijani cha mawe yako, ni kimoja?"

Uso wa binti ulibadilika, kwa sababu bibi alikuwa amegusa kiini cha somo lake lote. Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, chembe hai moja ilimmeza sainobakteria, ikashindwa kumsaga. Aliendelea kuishi ndani yake, akaitengenezea chakula kwa jua, vizazi kwa vizazi, mpaka akawa kiungo cha mwili wake. Kiungo hicho ndicho kloroplasti, kile chenye kijani ndani ya kila jani. Mrusi Konstantin Mereschkowsky aliliandika wazo hilo mwaka 1905, likapuuzwa. Mmarekani Lynn Margulis alilifufua katika makala yake ya 1967, na leo limekubalika, maana kloroplasti bado ina vinasaba vyake yenyewe, vinavyofanana na vya sainobakteria. Na mababu wa sainobakteria hao ndio waliojaza oksijeni katika anga ya dunia, kuanzia kama miaka bilioni 2.4 iliyopita. Bila wao pasingekuwa na sato wa kuhema, wala sisi wa kuwalilia.

"Basi ni ndugu," alisema mama mkwe. "Mmoja aliwekwa ndani ya nyumba akapewa kazi na mipaka. Mwingine tumemfungulia ghala."

Sijasikia katika darasa lolote maelezo mafupi na ya kweli kuliko hayo.

Usafishaji ulichukua muda. Samaki waliokufa tuliwazika. Hawakuliwa, hawakuuzwa, na hata paka wa jirani hakupewa. Waliobaki walihamishiwa kwenye simtanki lenye maji safi. Maji ya bwawa tuliyamwaga kidogo kidogo kwenye miti, mbali na bustani ya mchicha na mbali na mfereji unaoelekea ziwani. Tuliliacha tope likauke mpaka likapasuka, tukanyunyiza chokaa, na bwawa lilipojazwa upya mume wangu alifunga kipande cha mti kilichochongwa alama ya kina cha kiwiko. Samadi haiingii mpaka alama isomwe, na anayeisoma ni mama mkwe.

Katika chungu, mawe mengi yalioza. Mawili yalikuwa pembeni, karibu na ukingo, ambako maji hayakutuama. Binti aliyahamishia kwenye changarawe kavu, akamkabidhi bibi yake mbele yetu sote. Ulikuwa uamuzi mkubwa, na ulifanikiwa. Mama mkwe huyatazama kila asubuhi na haachi kuyasalimu, lakini kopo liko kabatini. Jozi mpya za majani zimeshatokeza katikati, na ngozi za zamani zimekauka inavyopaswa.

Naandika haya kwa sababu bwawa letu ni dogo na ziwa letu ni kubwa, na kinachotokea ni kilekile. Watafiti wa Ziwa Victoria wameonyesha kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 20 maji yake yalirutubishwa kupita kiasi na mbolea, mmomonyoko wa udongo na maji taka ya miji, na kwamba kufikia miaka ya 1980 sainobakteria walikuwa wametwaa nafasi ya diatomu, mwani mwema uliokuwa mwingi zamani. Ghuba za Mwanza na Winam, ambako maji hayachangamani sana na ziwa kuu, huvaa utando uleule tuliouona uani kwetu. Ziwa hilo ndilo linalonywewa Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu na Kampala.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mwenye bwawa na apime kwa mkono kabla ya kuongeza samadi. Mwenye shamba kando ya mto aache ukanda wa nyasi na miti kati ya mbolea yake na maji. Halmashauri zetu zisafishe maji taka kabla hayajafika ziwani, nasi wananchi tudai hilo bila kuchoka. Ukiona maji yana utando wa kijani, usiyanywe, usiwaogeshe watoto, usiwanyweshe ng'ombe wala mbwa, na mwambie jirani asiyejua. Na usiyabandike jikoni ukidhani utayasalimisha: kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.